Ukiwekewa ringi ya tumbo, uliza nani atakufungulia ukirudi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, kwahiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nimesoma ile makala yenu ya Jumapili kuhusu watu wanaokwenda nje kufanyiwa opresheni za kupunguza mwili, nimeisoma hadi mwisho, nikageuza ukurasa nikidhani kuna muendelezo, hamna. Mmeandika habari za tiketi, mmeandika siku za kulala hospitali, mmeweka na picha ya dada kaishika suruali yake ya zamani kiunoni inampwaya, basi, kwisha habari. Sasa huyo dada akirudi nyumbani je? Akikaa kwenye sinia na ndugu zake je? Mwaka wa tano je? Hapo ndo nikasema leo lazima niandike, maana mimi ninayo ringi tumboni tangu 2011 na mpaka naandika hivi bado iko humuhumu.

Wenyewe madokta wanaiita bendi, mi naita ringi, sababu nikisema nina bendi watu wanadhani nimeanzisha muziki wa dansi. Ni mpira wa silikoni, wanauzungushia sehemu ya juu ya tumbo la chakula kama unavyofunga shingo ya kiroba, juu ya ile shingo kinabaki kifuko kidogo cha kuingia kama vijiko viwili vya chakula hivi, ukila kikijaa kile unahisi umeshiba. Upande wa ndani wa ringi kuna kitu kama tyubu ya baiskeli, ila haijazwi upepo, inajazwa maji ya chumvi yale ya dripu, na kutoka kwenye ringi unakuja mpira mwembamba mpaka kwenye kitufe kinachoshonewa chini ya ngozi, ukubwa wa kifuniko cha soda. Changu kiko kushoto chini ya mbavu, nikilala chali unakigusa. Dokta akitia maji kwa sindano njia inabana, akiyatoa inaachia. Hakuna kinachokatwa wala kutupwa.

Nayaeleza haya maana nikiwa kwenye daladala au msibani watu wanachanganya kila kitu. Wanasema we si ndo uliwekewa puto kama wale wa hospitali ya Mloganzila kule Dar? Hapana jamani. Puto linapitishwa mdomoni kwa ule mpira wenye kamera, halina kisu, na likikaa miezi yake linatolewa. Kuna na ile nyingine ya kukata tumbo wanabakisha kipande chembamba kama ndizi, hiyo ndo imeshika soko siku hizi duniani na ukishakatwa hakurudishwi. Ringi yenyewe imeanza kupitwa na wakati, ila miaka ile ya 2000 na kitu ndo ilikuwa habari ya mjini kule Ulaya, na kuna jambo moja huwa napenda kuwaambia watu wanaosema mambo haya ni ya wazungu tu, dokta wa kwanza kuiweka kwa njia ya matundu madogo bila kupasua tumbo zima, mwaka 1993 huko Ubelgiji, ni Mhabeshi, anaitwa Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia. Mwafrika mwenzetu.

Mimi nilikuwa Uingereza nafanya kazi ya kea, kulea wazee, shifti za usiku. Anayejua kazi ile anajua, unarudi asubuhi umechoka, unakula chochote, unalala, unaamka jioni unakula tena unaondoka. Nilikwenda kule na kilo 80, miaka tisa baadae nina 128, na urefu wangu ni mita 1.61 tu, piga hesabu mwenyewe. Sukari ikapanda, presha ikapanda, magoti yakawa yanalia nikipanda ngazi kama bawaba za mlango wa zamani. Dokta wangu akaniandikia rufaa, nikakaa kwenye kliniki zao karibu mwaka na nusu, mara mtaalamu wa chakula, mara mtu wa saikolojia ananiuliza eti ukiwa na huzuni unakula nini. Wakati ule niliona wananipotezea muda. Leo nikifikiria nasema wale walikuwa na akili kuliko mimi.

Wiki mbili kabla ya opresheni unakula maziwa na mtindi tu na supu nyepesi, maana ini la mtu mnene linakuwa limejaa mafuta na limelalia tumbo kwa juu, sasa lisiponywea dokta haoni njia. Mume wangu alikuwa anakula biriani jikoni huku kafunga mlango, eti nisisikie harufu, na yeye ndo alikonda wiki ile kuliko mimi kwa aibu.

Opresheni yenyewe sitaki kuisema sana, vitundu vitano, nikalala usiku mmoja nikaruhusiwa. Kilichonishangaza ni bega. Nimefanyiwa tumbo ila naumwa bega la kushoto, tena maumivu ya kukutoa machozi, nikamwita nesi nikamwambia mmenivunja bega mkinibeba. Akacheka. Kumbe ni gesi wanayokujaza tumboni ili wapate nafasi ya kufanya kazi, inayobaki inasumbua misuli ya chini ya mapafu na maumivu yanatokea begani, dawa yake ni kutembea. Nikatembea kwenye korido kama niko hija nasa'i baina ya Safa na Marwa.

Wiki mbili za mwanzo ni vya maji, supu imechujwa, uji mwepesi, maziwa. Wiki mbili zinazofuata vya kusaga, nilikuwa natia samaki na boga kwenye blenda natoa kitu kama chakula cha mtoto wa miezi sita. Alafu ndo vilaini. Sasa sikilizeni hapa, kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho vizuri, ringi ikiwekwa siku ya kwanza inakuwa tupu, haijatiwa maji, wanasubiri kidonda cha ndani kipone. Kwahiyo wiki ya tatu mpaka ya sita uvimbe umeshuka, ringi haibani, njaa imerudi yote na hasira juu. Nilikuwa naamka usiku nasimama mbele ya friji nalia. Nikajua imeshindikana, nimepasuliwa bure. Dada yeyote anayesoma hapa na yuko kwenye wiki hizo ajue hajaharibu kitu, ndo ilivyo.

Wiki ya sita ndo nikatiwa maji mara ya kwanza. Unalala kitandani, nesi anakipapasa kitufe kwa vidole viwili, anasema kohoa, anachoma. Haiumi kuliko kutoa damu. Akatia mililita 3, akanikalisha, akanipa glasi ya maji baridi, akanambia kunywa taratibu unambie. Nikahisi yale maji yanasita kidogo hapa kifuani kama mgeni anayepiga hodi, alafu yakashuka. Akasema hapo hapo. Baada ya hapo kila mwezi au miezi miwili nikawa naenda, nusu mililita, nusu mililita, mpaka ikafika 5.8 na hapo nikawa nakula kisahani cha chai nimeshiba masaa matatu manne. Kilo zikawa zinashuka nusu kwa wiki, wiki nyingine kilo nzima, wiki nyingine hamna. Mwaka na nusu nilikuwa na 92. Vidonge vya sukari dokta akavipunguza akaviondoa. Magoti yakanyamaza.

Raha yake ndo hiyo, siifichi. Sasa karaha.

Unatakiwa ule tonge dogo, utafune mpaka liwe uji, umeze, usubiri, ndo uchukue jingine. Hunywi na chakula, unakunywa kabla, ukishakula unakaa nusu saa na zaidi, sababu ukishushia na maji chakula kinapita haraka hushibi, au kimekwama maji yanakosa pa kwenda yanarudi. Na kuna vyakula vina ugomvi na ringi, mkate mweupe, chapati, wali, nyama ngumu. Yaani ukitazama vizuri orodha ile ni harusi ya Tanga kamili.

Na kweli ilikuwa harusi. Mwaka 2013 nimekuja likizo, mtoto wa binamu yangu anaoa, Ngamiani. Sinia limewekwa, tumelizunguka wanawake wanne, pilau linanukia, juu lina vipande vya nyama ya ng'ombe. Mi najua kabisa pale hapana rafiki yangu hata mmoja, nikawa nachezeachezea kachumbari, lakini shangazi kakaa mkabala anautazama mkono wangu tu. Akasema mwanangu mbona huli, au huko Ulaya wamekufundisha kudharau chakula chetu? Watu wakageuka. Basi kwa kuona haya nikachukua kipande cha nyama, nikatafuna mara tano sita, nikameza. Kwanza kimya. Alafu ukaanza ule mbano, hapa katikati ya kifua, kama umemeza kokwa ya embe nzima nzima, mate yakaanza kujaa mdomoni, na sio mate ya kawaida, ute mzito kama wa yai bichi, ukiumeza haushuki unarudi na mwenzake. Jasho linanitoka kwenye dera, vipodozi vinashuka. Nikaziba mdomo kwa mtandio nikakimbilia uani, nikainama pembeni ya pipa la maji, natema mapovu, natema, dakika ishirini nzima mpaka kile kipande kikatoka kama kilivyoingia. Nikigeuka shangazi kasimama nyuma yangu na kopo la maji, kakunjua uso, ananambia hongera mwanangu, ya miezi mingapi? Na miaka yangu 43.

Mpaka jioni harusi nzima inanipa pongezi. Nilikaa kimya maana kueleza kulikuwa kugumu zaidi.

Na hilo la mimba lilikuwa zuri, kuna jingine baya. Huku kwetu mtu akinenepa wanasema kanawiri, kapata mume mzuri, akikonda kwa kasi wanasema kakanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Likizo ile ile nywele nazo zilikuwa zimenitoka, mwili ukishuka haraka na protini ikiwa ndogo nywele zinapukutika, zinarudi baadae lakini wakati ule nilikuwa na upara wa pembeni, ngozi ya mikono inaning'inia, mashavu yamebonyea. Wifi yangu mmoja, simtaji, akamvuta mume wangu chemba akamwambia kaka nenda ukapime. Tulicheka usiku ule lakini kilichoniuma ni kwamba nilipokuwa na kilo 128 na sukari inanimaliza hakuna hata mmoja aliyesema nenda kapime.

Jingine la kusema ukweli wangu, maana nyie mnaandika kama vile ukishawekewa ndo basi unakuwa mwembamba. Ringi inazuia chapati, haizuii askirimu. Haizuii chokoleti, haizuii juisi ya miwa, wala kaimati zilizolainika kwenye shira. Vyote vile vinateleza vinapita kama maji. Mwaka 2015 baba yangu alifariki, sikuwahi mazishi, nikawa kila shifti ya usiku natembea na chokoleti mbili kwenye koti, na ndo nikamkumbuka yule mtu wa saikolojia na swali lake. Nikarudisha kilo sita. Ringi iko tumboni, haifiki kichwani, sasa ukiwa na jeraha la kichwani na wewe unalifunga bandeji tumboni matokeo yake ndo yale.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

2019 tukarudi nyumbani moja kwa moja, mama yangu mgonjwa, mi ndo mtoto wa kike peke yangu. Kliniki ya kule wakanipa kadi, imeandikwa aina ya ringi, mwaka, mililita zilizomo, wakanambia ukipata shida waonyeshe hii. Nikaitia kwenye pochi, nikasahau, miaka mitatu ringi ikawa kimya kabisa, hata mwaka wa kwanza kurudi na Ramadhani yake nilifunga vizuri tu kwa utaratibu wangu, naanza na tende moja na maji, naswali, ndo nakula samaki kidogo na ndizi za nazi, nakaa, baada ya tarawehe ndo nayatafuta maji kidogo kidogo mpaka daku.

Ramadhani ya 2022 nikaingia tamaa. Nyumba imejaa wageni, mihogo, tambi, mkate wa sinia, napika mimi, naonja mimi, adhana ikilia nina njaa na haraka nakula kama watu wengine. Nikaanza kutapika baada ya futari, nikasema ni kawaida. Alafu usiku nikilala maji machungu yanapanda kooni nakohoa mpaka nakaa. Alafu uji ukawa haupiti. Kufika kumi la mwisho hata maji yanarudi, nameza funda moja nahisi limesimama, linageuka linapanda. Nikaacha kufunga, mume wangu akanibeba mpaka hospitali moja, siitaji, sitaki ugomvi na mtu.

Dokta kijana, mpole, akanisikiliza, nikampa kadi. Akaigeuzageuza. Akanambia mama hii kitu naijua kwa kusoma, sijawahi kuiona. Namshukuru kwa kusema kweli, wengine hawasemi. Akapiga simu, akapiga simu, wakanitundikia dripu. Jioni akaja nesi, mtoto mdogo kama mwanangu wa mwisho, na sirinji na sindano ya kawaida kabisa, ananambia mama tulia nakutoa maji kidogo upate nafuu.

Nikamshika mkono. Mi nilikuwa hoi, sauti haitoki, lakini hilo nilikuwa nalijua kama jina langu, kitufe kile hakichomwi kwa sindano ya kawaida, kuna sindano yake inaitwa Huber, ncha yake imepindishwa hivi ili ipenye mpira bila kuung'oa kipande, ukichoma hii ya kawaida unatoboa mpira, maji yanavuja na kitufe kizima ndo kimekufa unarudi kisuni. Nikamwambia mwanangu usinichome. Akakasirika, akasema wagonjwa wa siku hizi mna intaneti nyingi. Dokta akaja akasimama upande wangu. Wakatafuta ile sindano pale hamna, wakapiga kwingine hamna, na mi najua sindano hizo wagonjwa wa saratani wenye kile kitufe cha dawa kifuani wanazitumia, ila usiku ule kwa pale nilipokuwa haikupatikana.

Tulifanyaje? Binti wa jirani yetu aliwahi kufanya kazi Nairobi akatuunganisha na dokta wa upasuaji huko anayezijua ringi. Asubuhi wakaniondoa dripu, kijana wangu akanipakia kwenye gari mpaka Horohoro, tukavuka, Mombasa tukapanda treni ya SGR, masaa yote hayo nina chupa ya maji naloweka ulimi tu. Mwenzangu mmoja kwenye siti akanipa karanga. Mungu amlipe, hakujua.

Dokta wa Nairobi hakunikalisha foleni. Akakipapasa kitufe, akafungua pakiti, nikaiona ile ncha iliyopinda, jamani sijawahi kufurahi kuona sindano. Akachoma akavuta, akavuta, maji yote 5.8 yakaja kwenye sirinji, meupe safi. Akanipa kikombe. Nikanywa funda moja nikasubiri lirudi. Halikurudi. Nikanywa la pili. Kijana wangu alikuwa ananitazama koo, nikamwambia imepita, na hapo nikaanza kulia kwa kwikwi mpaka yule dokta akatoka nje akatuacha.

Eksirei ile ya kunywa dawa nyeupe ikaonyesha ringi imeteleza, tumbo la chini limepanda limepita ndani ya ringi, ndo mana kila kitu kimeziba. Akanichoma vitamini B1 kabla ya mengine yote, akasema mtu akitapika wiki na wiki hiyo vitamini inaisha na ikiisha inaharibu mishipa ya fahamu na ubongo, kumbe kule nilikotoka wangeendelea kunitundikia dripu za glukosi tu bila hiyo ningeweza kuumia vibaya zaidi. Akanipa miezi miwili ringi ikae tupu, nirudi kwa picha nyingine. Bahati yangu ilijirudi mahala pake, wengine hairudi na inabidi waitoe siku hiyohiyo, na wengine inakula ukuta wa tumbo taratibu inaingia ndani kabisa. Sasa hivi ninazo mililita 3 tu. Nina kilo 99. Dokta kasema iko siku tutaitoa, ringi nyingi za umri wa yangu zimeshatolewa, nami nimeshakubali moyoni.

Kwahiyo Mhariri sisemi watu wasiende. Mwenye sukari na kilo zake mia na thelathini aende, mimi sijutii, mama yangu kaniuguza nikiwa mtoto na mimi nikamuuguza yeye miaka minne nikiwa na magoti mazima. Ila kabla ya kulipa muulize yule wakala anayewatafutia hospitali, siku ya mia tatu baada ya opresheni, saa nane usiku, natapika, niko Korogwe, nampigia nani? Akikujibu utatupigia sisi wasapu, usilipe. Ulizia jina la dokta wa karibu na nyumbani, mpigie wewe mwenyewe usikie sauti yake. Omba kadi ya ringi, piga picha, mtumie na mtu wako. Na yule wa dukani anayekuuzia diklofenaki na ibuprofeni za magoti mwambie una tumbo lililofungwa ringi, usimeze dawa hizo bila kumuuliza dokta wako, zinachubua, na vidonge vikubwa omba vya maji, au uulize kwanza kama vinaruhusiwa kusagwa.

Na nyie gazetini nina ombi. Mna waandishi, mna magari. Mtumeni mmoja azunguke hospitali za rufaa za mikoa aulize swali dogo tu, sindano ya Huber mnayo, na nani zamu ya usiku anajua kuitumia? Majibu yaandikeni mkoa kwa mkoa ukurasa uleule mlioweka picha ya suruali. Sisi wenye ringi tuko wengi kuliko mnavyodhani, wengine wamerudi kutoka Oman na Uingereza na India wamejinyamazia kwa aibu, nimewahi kukutana na mmoja kwenye foleni ya benki, kanitambua kwa jinsi nilivyokuwa nakunywa maji.

Mimi za kwangu nilinunua mbili Nairobi, ziko kwenye pochi pamoja na kadi, pakiti hazijafunguliwa. Kila nikienda shughuli mume wangu ananiuliza mlangoni, funguo? Simu? Sindano?

Msomaji wenu,
Tanga